Mashine Haitengenezi Gari: Ushauri kwa Anayetaka Kubobea katika Umeme wa Magari

Gari likisumbua siku hizi, swali la kwanza la mwenyewe akifika gereji ni hili: "Mna mashine?" Anauliza kile kipimo kinachochomekwa chini ya usukani ili kisome kompyuta ya gari. Swali hilo limewaaminisha vijana wengi wa ufundi, kuanzia Makongeni mjini Thika hadi Kihunguro kule Ruiru, kwamba siku watakayonunua mashine ndiyo siku watakayokuwa mafundi wa umeme wa kisasa. Wanaweka akiba, wengine wanakopa, mashine inanunuliwa. Gari la kwanza linaletwa, mashine inaandika P0335, kijana anabadilisha sensa, mteja analipa na kuondoka. Jioni gari linarudi likivutwa kwa kamba.

Makala haya yanamlenga kijana huyo, na yule aliye darasani akisomea uhandisi wa magari, na fundi mzoefu wa injini anayeona kazi zikimpita kwa sababu ya nyaya. Ushauri wangu wote unatokana na neno moja: pima. Mashine hukuelekeza mahali pa kuanzia. Hitilafu yenyewe hupatikana na mtu anayejua umeme unatoka wapi, unapita wapi na unarudi vipi.

Mahali pazuri pa kujifunzia

Kama kuna mahali Kenya ambapo kijana anaweza kusomea kazi hii bila kwenda mbali, ni ukanda huu wa Thika Road. Barabara kuu yenye urefu wa kilomita 50 hivi, iliyokamilika mwaka 2012, hupitisha usiku na mchana kila aina ya gari unayotaka kuijua: Probox za mizigo, Vitz na Demio za wafanyakazi, matatu za abiria 14, mabasi ya Isuzu, malori ya mawe na mchanga. Sheria yetu hairuhusu kuingiza nchini gari la mtumba lililopita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Maana yake ni kwamba teknolojia iliyokuwa mpya Japani miaka minane iliyopita imo gerejini kwako leo, ukipenda usipende.

Thika kwenyewe kuna kiwanda cha Kenya Vehicle Manufacturers, kilichoanza enzi za Leyland miaka ya 1970. Mwishoni mwa 2016 Volkswagen ilirudi kuunganishia magari yake hapo, ikianza na Polo Vivo. Mwaka 2024 kampuni ya BasiGo ikafungua hapo hapo mstari wa kuunganisha mabasi ya umeme. Kule Juja, katikati ya Ruiru na Thika, kuna Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, kilichoanza kama chuo cha kilimo na teknolojia kwa msaada wa serikali ya Japani mwanzoni mwa miaka ya 1980, na ambacho leo hufundisha uhandisi unaounganisha mitambo, elektroniki na kompyuta. Mjini Thika kuna taasisi ya serikali ambayo wengi wanaiita Thika Technical. Kwa hiyo magari yapo, walimu wapo na viwanda vipo. Kilichobaki ni mpango wa kujifunza.

Anza na volti 12

Kosa kubwa la wanaoanza ni kurukia kompyuta kabla ya kuijua betri. Sehemu kubwa ya matatizo yanayoitwa "ya kompyuta" huanzia kwenye betri iliyochoka, kutu kwenye vichwa vya betri, fyuzi iliyoungua au waya wa ardhi uliolegea. Kompyuta ikikosa volti za kutosha huanza kulalamika ovyo, na mashine hukuorodheshea misimbo kumi ambayo haina maana yoyote.

Nunua multimita nzuri, kisha uishi nayo. Ujue kwa moyo tarakimu hizi. Betri ya volti 12 iliyojaa na iliyopumzika husoma takriban 12.6. Ikisoma 12.2 iko karibu nusu. Wakati wa kupiga stata isishuke chini ya 9.6. Injini ikiwaka, chaji iwe kati ya 13.8 na 14.5 katika magari mengi, ingawa baadhi ya magari mapya hupandisha na kushusha chaji kwa makusudi ili kuokoa mafuta. Ukiona 13.0 kwenye gari la namna hiyo, usikimbilie kuing'oa alteneta.

Kipimo kinachomtenganisha fundi na mbahatishaji ni kile cha kupima volti zinazopotea njiani. Chukua Vitz inayopiga stata kwa uchovu. Betri ni mpya, stata imebadilishwa, na bado injini inazunguka kana kwamba inaombwa. Weka multimita kwenye volti za mkondo mnyoofu. Ncha nyeusi iguse kichwa cha hasi cha betri, kile kichwa chenyewe wala si kibano kinachokishika. Ncha nyekundu iguse chuma kitupu cha injini. Mwambie mwenzako apige stata, nawe utazame kioo. Kikisoma 0.1 au 0.2, njia ya ardhi ni nzuri. Kikisoma 0.9, karibu volti nzima inapotelea kati ya injini na betri, na hakuna stata duniani itakayoponya ugonjwa huo. Fuata kebo ya ardhi, fungua boliti yake, kwangua rangi na kutu, funga tena, upime upya. Halafu pima upande wa chanya vivyo hivyo, kutoka kichwa cha betri hadi kwenye boliti ya stata. Hapo usikubali zaidi ya nusu volti. Kazi yote haizidi robo saa, na hakuna spea iliyonunuliwa.

Ukielewa kwa nini kipimo hicho lazima kifanywe umeme ukiwa unapita, umeelewa nusu ya somo. Waya uliokatika nyuzi zake ukabaki na mmoja tu utaonyesha afya njema ukiupima kwa omu. Utaumbuka pale tu mzigo utakapouvuta.

Kwa mazoezi ya nyumbani, chukua ubao wa plaiwudi, betri ya zamani, fyuzi, swichi, taa ya mbele ya gari na relei yenye miguu minne. Mguu wa 30 hupokea umeme kutoka kwenye betri, 87 huupeleka kwenye taa, na 85 na 86 ni ncha za koili. Pima ukinzani wa koili, utapata kati ya omu 50 na 120 hivi. Unganisha, washa, kisha jiharibie mwenyewe: chomoa ardhi, tia waya mwembamba mno, unguza fyuzi. Kila mara andika volti unazopata kabla na baada ya kila kituo. Gari lote ni ubao huo uliozidishwa mara mia.

Betri inayokufa usiku

Tatizo jingine litakalokuletea wateja ni betri inayoisha gari likiwa limeegeshwa. Hapa kwetu chanzo mara nyingi ni vitu vilivyoongezwa baada ya gari kufika nchini: kifaa cha kufuatilia gari, alamu, redio, kamera. Kimoja kikivuta nusu ampea bila kulala, kwa saa 24 kimekunywa ampea-saa 12. Betri ndogo ya ampea-saa 45 itakuwa imepoteza zaidi ya nusu ndani ya siku mbili.

Weka mita kwa mfululizo upande wa hasi, funga milango, usubiri. Kompyuta za gari huchukua muda kulala, katika magari mengine hata nusu saa. Baada ya hapo mvuto wa kawaida usizidi miliampea 50. Ukizidi, usianze kuchomoa fyuzi moja moja, kwa sababu kuchomoa na kurudisha huziamsha kompyuta ukaanza upya. Pima volti ndogo juu ya kila fyuzi ikiwa mahali pake, kwenye zile nukta mbili za chuma zinazoonekana mgongoni. Fyuzi isiyopitisha mkondo husoma sifuri. Inayosoma sehemu za milivolti ndiyo yenye mlaji.

Msimbo ni mwanzo wa maswali

Sasa tuje kwenye mashine. Misimbo ina lugha yake. Herufi P ni injini na gia, B ni bodi, C ni chasi na breki, U ni mawasiliano kati ya kompyuta. Ikifuatwa na 0, kwa kawaida msimbo ni wa pamoja kwa magari yote. Ikifuatwa na 1, mara nyingi ni wa mtengenezaji, na maana yake itafutwe katika vitabu vya gari lile lile.

Turudi kwa P0335 iliyomuumbua kijana wetu. Msimbo huo unasema kuna hitilafu katika saketi ya sensa ya krankishafti. Tazama neno saketi. Ndani yake mna sensa, nyaya, soketi, ardhi, umeme wa kuilisha na kompyuta yenyewe. Chomoa soketi, uhesabu nyaya. Zikiwa tatu, mmoja ni wa kulisha, mmoja ni wa ardhi na mmoja ni wa ishara. Washa swichi bila kupiga stata, upime: je, umeme wa kulisha umefika? Je, ardhi ni nzuri? Ishara je, ina njia safi hadi kwenye kompyuta? Tikisa nyaya huku ukipima, hasa pale zinapokaribia bomba la moshi au zinapolowa oili. Waya uliopikika hukatika gari likipata moto na kushikana likipoa, ndiyo maana gari lilitoka gerejini likiwaka na kurudi likivutwa. Sensa hubadilishwa baada ya majibu yote hayo kuwa sawa.

Jifunze pia kusoma tarakimu zinazobadilika injini ikiwa hai. Chukua P0171, msimbo unaosema injini inapata hewa nyingi kuliko mafuta. Mbahatishaji hubadilisha sensa ya oksijeni. Wewe fungua ukurasa wa marekebisho ya mafuta. Injini ikiwa katika mzunguko wa chini na kompyuta inaongeza mafuta kwa asilimia 25, halafu ukikanyaga hadi mizunguko 2,500 ongezeko linashuka karibu na kawaida, tafuta hewa inayoingia kwa wizi: bomba lililopasuka, gasketi ya manifoldi iliyochoka. Ikiwa ni kinyume, yaani chini ni sawa na juu ndipo inapoomba mafuta, shuku pampu, chujio la mafuta au kipima hewa kilichochafuka. Mashine ni ile ile na msimbo ni ule ule. Tofauti iko kwa anayesoma.

Kompyuta zinazozungumza

Gari la leo halina kompyuta moja. Injini ina yake, breki zina yake, usukani, milango, mifuko ya hewa na dashibodi vivyo hivyo, na zote huzungumza kwa nyaya mbili zilizosokotwa. Mfumo huo unaitwa CAN, na ulitolewa hadharani na kampuni ya Bosch ya Ujerumani mwaka 1986. Uzuri wake ni kwamba unaweza kuukagua kwa multimita ile ile.

Soketi ya uchunguzi ina matundu 16. Tundu la 16 ni chanya ya betri, la 4 na la 5 ni ardhi, la 6 na la 14 ni nyaya mbili za CAN. Tenganisha betri, usubiri kidogo, upime ukinzani kati ya 6 na 14. Kwa magari mengi utapata karibu omu 60, kwa sababu kila mwisho wa mtandao una kizuizi cha omu 120 na viwili hivyo vimeungwa sambamba. Ukipata 120, upande mmoja umekatika. Ukikaribia sifuri, nyaya mbili zimegusana. Magari mengine huweka kompyuta ya kati kama lango kati ya soketi na mtandao wenyewe, kwa hiyo kabla ya kutoa hukumu tazama mchoro wa gari husika.

Hili la michoro nalisisitiza. Fundi wa umeme asiyesoma mchoro hana tofauti na anayepapasa gizani. Michoro na vitabu vya ukarabati huandikwa kwa Kiingereza, ilhali gerejini tunazungumza Kiswahili, Kikuyu na Sheng. Usione haya kuwa na daftari la istilahi. Andika neno, alama yake kwenye mchoro na kazi yake. Chora kwa mkono saketi ya kila gari unalotengeneza. Baada ya mwaka mmoja daftari hilo litakuwa na thamani kuliko mashine yako.

Na onyo: ile taa ya kupimia yenye balbu, rafiki wa kila fundi waya, usiigusishe kwenye nyaya za kompyuta. Balbu huvuta mkondo mkubwa kuliko ule ambao saketi ndogo za elektroniki zimeundwa kuubeba. Kwa kazi hizo tumia multimita. Vivyo hivyo, gari likienda kuchomelewa bodi, tenganisha betri kwanza, na ardhi ya mashine ya kuchomelea ifungwe karibu na mahali panapochomelewa.

Matatu ni chuo

Usidharau matatu. Kwa anayejifunza umeme, nganya iliyojaa taa, skrini na spika ni mtihani kamili. Hesabu ni rahisi: muziki unaovuta wati 1,000 kwa volti 12 unahitaji ampea zaidi ya 80. Alteneta ya gari dogo la abiria mara nyingi haitoi zaidi ya hapo, na bado kuna taa, feni na injini yenyewe. Mwenye gari atakuambia betri zake "ni feki". Mwonyeshe hesabu.

Kwenye mabasi makubwa kama Isuzu NQR kuna kosa linalojirudia. Mfumo ni wa volti 24, yaani betri mbili za 12 zilizofungwa kwa mfululizo. Anayeweka redio ya volti 12 huchukua njia ya mkato, anaunga kwenye betri moja. Betri hiyo huliwa kila siku, mwenzake haliwi. Alteneta huona jumla tu, hivyo chaji hugawanyika vibaya bila yenyewe kujua: iliyochoka haijai, iliyojaa inazidishiwa hadi inachemka maji. Miezi michache baadaye zote mbili zimekufa, na lawama inakwenda kwa muuza betri. Pima kila betri peke yake injini ikiwa inachaji. Ukiona moja ina 13.2 na nyingine 15, umempata mwizi. Dawa ni kigeuzi cha kushusha volti 24 kuwa 12 kinacholishwa na betri zote mbili, waya wa unene unaostahili na fyuzi karibu na betri. Ukiifanya kazi hiyo vizuri kwenye basi moja la sako, wenye mabasi mengine watakutafuta wenyewe.

Nyaya za rangi ya chungwa

Haibridi zimejaa barabarani, na mabasi ya umeme yameanza kuundwa hapa hapa Thika. Huko ndiko kazi inakokwenda, lakini huko hakuna nafasi ya kubahatisha. Betri kubwa ya Toyota Aqua ina volti 144. Ya Prius nyingi ni 201.6, na kibadilishaji chake huziinua hadi mamia ya volti kwa ajili ya mota. Mabasi hutumia volti nyingi zaidi. Mkondo huo unaua. Kebo zake zimepewa rangi ya chungwa ili usiseme hukujua.

Kabla ya kugusa, fuata utaratibu na usiruke hatua hata moja. Zima gari, ufunguo uuweke mbali nalo. Tenganisha betri ya volti 12. Vaa glavu za mpira zilizoidhinishwa kwa volti 1,000, ukiwa umezikunja kwanza na kuzisikiliza kama zinavuja hewa. Chomoa plagi ya usalama ya betri kubwa, uitie mfukoni mwako ili asitokee mtu wa kuirudisha. Subiri angalau dakika 10 ili kapasita zijimwage, au muda mrefu zaidi kama kitabu cha gari kinavyoagiza. Kisha pima, kwa mita iliyoandikwa CAT III volti 1,000, uhakikishe hakuna volti. Mita yenyewe ijaribu kwenye chanzo unachokijua kabla na baada, kwa sababu mita mbovu nayo husoma sifuri. Pete, saa na mkufu viwe vimevuliwa tangu mwanzo. Usifanye kazi hii peke yako.

Mifuko ya hewa nayo ina baruti ndani. Soketi zake huwa na rangi ya manjano. Tenganisha betri, usubiri muda ulioagizwa na mtengenezaji, ambao kwa Toyota nyingi ni sekunde 90 na kwa wengine ni dakika kadhaa, na kamwe usipime kifyatuzi cha mfuko kwa omu.

Kuna kazi nyepesi za haibridi zinazoweza kukupa jina zuri mapema. Betri ya Aqua hupozwa kwa hewa inayovutwa kutoka ndani ya gari, kupitia tundu lililo kando ya kiti cha nyuma. Kwenye barabara za vumbi, au gari likibeba mbwa na magunia, chujio na feni huziba, betri hupata joto, na maisha yake hufupika. Kulisafisha tundu hilo kila unapofanya sevisi kunaweza kumwokoa mteja na gharama ya betri nzima.

Cheti na mkono

Mjadala wa kama ni cheti au ni uzoefu hauna maana. Vyote vinahitajika, na kuna njia za kuvipata vyote.

Kama uko gerejini tayari bila karatasi, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, NITA, hutahini ufundi wa umeme wa magari kwa madaraja matatu: unaanza na la tatu, unapanda hadi la kwanza. Mtihani una sehemu ya vitendo, na fundi anayejua kazi hana cha kuogopa. Tangu 2024 nchi pia ina sera ya kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, kwa hiyo uliza katika taasisi ya ufundi iliyo karibu nawe kama imeidhinishwa kukutathmini. Na wewe mwenye gereji unayelipa ile tozo ya shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, kumbuka pesa hizo ni za mafunzo. Uliza NITA namna ya kurudishiwa gharama ukimpeleka kijana wako kwenye kozi iliyoidhinishwa.

Kama ndiyo unatafuta chuo, kabla ya kulipa karo uliza mambo manne. Je, chuo kimesajiliwa na TVETA, mamlaka ya vyuo vya ufundi? Mtihani wa mwisho unatolewa na nani, baraza la mitihani la KNEC, lile la CDACC au wenyewe tu? Karakana ina magari mangapi yanayowaka, yenye kompyuta, na je, wanafunzi wanaruhusiwa kuyaharibu na kuyatengeneza? Mafunzo kazini hufanyiwa wapi? Omba uingie karakana siku ya kazi. Ukikuta injini moja ya kale iliyopakwa rangi na kuwekwa juu ya stendi, na multimita zimefungiwa kabatini, shukuru, uondoke.

Aliyeko chuoni atumie likizo kufagia gereji kama itabidi. Aliyeko gerejini atenge jioni moja kwa wiki kusoma nadharia: sheria ya Ohm, daiodi, transista, namna sensa inavyotoa ishara. Na mkubwa wa gereji akikufundisha, mheshimu. Ukiona amekosea, mwambie pembeni, "Mzee, hebu tupime hapa," usimwaibishe mbele ya mteja.

Vifaa vinunuliwe kwa mpangilio: multimita, kisha mita ya kubana inayosoma mkondo mnyoofu, vifaa vya kubania vichwa vya nyaya, chuma cha kulehemu na mirija ya kufinyia joto. Skana ya wastani inayosoma mifumo yote ya gari ifuate hapo. Vile vifaa vidogo vya bei rahisi vya kuunganisha na simu mara nyingi husoma injini tu. Osiloskopu ije baadaye, ukishajua unatafuta nini.

Bei ya kupima na heshima ya kazi

Wateja wetu wamezoea kulipia spea na mkono, lakini "kuangalia tu" wanataka bure. Waelimishe. Weka ada ya uchunguzi, itaje kabla ya kufungua boneti, kisha mpe mteja karatasi: ulipima nini, ulipata tarakimu gani, unapendekeza nini. Atakayebisha bei leo ataipeleka karatasi hiyo kwa rafiki zake kesho. Chukua kibali cha biashara cha Kaunti ya Kiambu, uweke daftari la kazi, na kila spea uliyoitoa mrudishie mwenyewe.

Kuna kazi za kukataa. Usirudishe mileji nyuma. Usizime taa ya onyo ya mifuko ya hewa kwa kuidanganya kompyuta, maana ipo siku mfuko utahitajika na hautafunguka. Usitengeneze ufunguo wa gari bila kuona logbuku na kitambulisho cha mwenyewe, na uweke nakala. Ujuzi huu unafungua magari ya watu, na jina likichafuka Thika, Ruiru wameshasikia kabla hujafika.

Basi usingoje kupata mashine ndipo uanze. Wiki hii tafuta multimita, omba gari la jirani, pima betri yake likiwa limezimwa, likipigwa stata na likiwaka, kisha andika tarakimu hizo tatu katika daftari jipya. Hilo ndilo somo la kwanza, na linawezekana kwa bei ya multimita tu.